Kuna Mtu Ametangulia

Uongo wa Avril Thackray ulikuwa na maneno matatu tu, na aliutuma kwa simu Jumatano jioni, ndara miguuni, chai ikimpolea mkononi: "Kuna mtu ametangulia." Hakuna mtu aliyetangulia. Nyumba ya marehemu mama yake, namba sita Mtaa wa Cobden, ilikuwa tupu tangu Oktoba, na mtu pekee aliyekuja kuiona akaipenda alikuwa binti mmoja aitwaye Kayleigh Marfleet. Jumatatu binti huyo alisimama katikati ya jiko, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, akasema, "Bi Thackray, mimi hapa nimefika." Akauliza kama angeweza kuhamia kabla ya Alhamisi. Avril hakuuliza Alhamisi kuna nini. Alimjibu tu, "Njoo Ijumaa tusaini," na wote wawili wakaachana wakitabasamu.

Kilichoharibu mambo ni fomu. Kayleigh aliijaza palepale juu ya friji, kwa mwandiko wa mtu asiye na la kuficha. Kazi: kutunza wazee, zamu nne kwa wiki. Watoto: wawili. Na pale palipoulizwa kodi italipwa na nini, akaandika kwamba sehemu itatoka kwenye mshahara wake na sehemu kwenye posho ambayo serikali huwapa wenye kipato kidogo walipie nyumba. Avril aliyasoma hayo baadaye, akiwa kwake, miwani puani, na moyo ukamshuka.

Wala hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa amewapikia watoto wa shule miaka thelathini na mmoja, na nusu ya watoto hao walikula bure kwa mkono wa serikali hiyohiyo, na hakuna hata mmoja aliyepunguziwa kijiko. Lakini kumpakulia mtu viazi ni jambo moja, na kumkabidhi nyumba ya mama yako ni jingine. Nyumba ile ndiyo ilikuwa uzee wake. Pensheni ilimtosha kula au kupasha nyumba joto, si vyote kwa siku moja, na paa la nyumba anayoishi mwenyewe lilikuwa linavuja juu ya ngazi. Akiharibikiwa Mtaa wa Cobden, hana pa kugeukia.

Basi akaenda kuuliza wenye nyumba wenzake, na huko ndiko alikopotea.

Chama chao kilikutana kila Jumanne ya pili ya mwezi, ghorofani kwenye baa ya Nanga. Mwenyekiti alikuwa Clive Stott, bwana wa nyumba kumi na tisa, mtu wa tai na vichekesho. Huyo Clive ndiye aliyemshika Avril mkono tangu siku ya kwanza. Alimtafutia fundi wa gesi, akamwonyesha bima ya kukata, hata hiyo fomu alimpa yeye, na hakuwahi kumdai shukrani. Mjane hamsahau mtu wa namna hiyo.

"Avril, dada yangu, nisikilize," Clive alimwambia mbele ya watu wote. "Sheria siku hizi haikuruhusu kumkataa mtu kwa ajili ya posho. Ukisema hapana, anakushitaki. Kwa hiyo husemi hapana. Unasema kuna mtu ametangulia. Aliyetangulia hashitakiwi!"

Ghorofa nzima ikacheka. Avril naye akacheka, maana kukaa umenuna peke yako ni kazi.

"Mimi mwenyewe ninaye mmoja sasa hivi," Clive akaendelea, akipangusa povu la bia mdomoni. "Nimempa notisi tangu mwezi wa nane, nataka kuuza nyumba yangu. Unadhani katoka? Kaniganda kama kupe! Nimekwenda mahakamani, nimelipa ada, nimemlipa dalali wa mahakama aje amtoe. Miezi saba. Hao ndio watu wa posho, mama. Mlango wa kuingilia wanaujua, wa kutokea hawaujui."

Ndipo Jumatano Avril akatuma yale maneno matatu. Jibu lilikuja baada ya dakika moja: "Sawa, Bi Thackray. Asante kwa kunijulisha." Hakuna lawama hata chembe. Laiti yule binti angemtukana, Avril angelala usingizi wake vizuri. Badala yake alikesha akigeuka huku na huku, na Alhamisi asubuhi akavaa koti na kofia yake ya sufu, akatoka.

Mama yake, aliyewahi kuwa na wapangaji wa chumba cha juu enzi za meli za uvuvi, alikuwa na desturi moja asiyoiacha. Kabla hujamkubali mtu, mfuate anakoishi bila kumwambia, kisha uombe kujisaidia. "Sebule kila mtu huifagia," alikuwa akisema. "Choo ndicho kinachosema kweli." Nyumba njema si mlango, wahenga walishasema, na mama yake Avril aliongeza kwamba wala si sebule.

Lakini nitasema kweli kwa niaba ya Avril, kwa kuwa yeye mwenyewe asingeisema. Asubuhi ile hakwenda kutafuta mpangaji. Alikwenda kutafuta uchafu. Akiukuta, uongo wake utageuka kuwa busara, naye atarudi nyumbani na roho nyeupe.

Anwani ilikuwa kwenye fomu: namba kumi na nne, Mtaa wa Alma. Upepo wa baharini ulikuwa unakata masikio. Akabisha. Ndani, televisheni iliyokuwa ikisema ikakatika ghafla, kisha kukawa kimya, kile kimya cha watu wanaozuia pumzi. Akabisha tena. Kifuniko cha tundu la barua kikainuka polepole, na macho mawili yakamtazama kwenye usawa wa magoti.

"Mmewahi," ikasema sauti ya mtoto wa kike. "Mama amesema saa nne ni saa nne. Na hatutoki mpaka mtuonyeshe karatasi yenye mhuri."

"Karatasi gani, mwanangu?"

"Ya mahakama." Macho yakampima kutoka viatu hadi juu. "Mama! Hana karatasi! Ni bibi mmoja tu, kavaa kofia!"

Mnyororo ukafunguliwa. Kayleigh alisimama mlangoni na glavu za mpira mikononi, nywele zimefungwa kitambaa, macho mekundu kwa harufu ya dawa ya kusafishia. Alipomwona ni nani, uso wake ulichanua kidogo kisha akaukunja haraka, kama mtu anayeogopa kuonekana ana tumaini.

"Bi Thackray?"

Avril akatafuta la kusema, akakosa, akasema alilofundishwa. "Samahani, mwanangu. Naomba kujisaidia."

Hata mtoto alishangaa. Lakini mgeni ni mgeni, wakampisha. Avril alipanda ngazi akipita mabegi, maboksi na mifuko myeusi iliyofungwa vizuri shingoni, akaingia msalani, akafunga mlango, akasimama. Palikuwa panang'aa. Sakafu, bomba, hata nyuma ya bomba pale ambapo mkono haufiki bila kupiga magoti. Avril alikaa kwenye choo kile bila haja yoyote na aibu ikamjaa.

Aliposhuka alimkuta Kayleigh jikoni, nusu ya mwili imo ndani ya oveni, anasugua. Mtoto mdogo, Kian, wa miaka miwili, alikuwa amelala kwenye kigari chake katikati ya maboksi. Yule binti wa tundu la barua, Demi, wa miaka minane, alisimama kando ya dirisha akilinda barabara.

"Mnahama?" Avril aliuliza.

"Tunahamishwa. Dalali wa mahakama anakuja saa nne."

Avril alishusha pumzi. Mwanamke aliyeng'ang'ania nyumba ya watu mpaka akaletewa dalali! Uchafu alioufuata ndio huu. Lakini mbona haukumpa raha?

"Kwa hiyo ulikataa kutoka," alisema.

"Nilikatazwa kutoka." Kayleigh alijitoa kwenye oveni, akaketi sakafuni. "Nilipopata notisi mwezi wa nane nilikwenda halmashauri siku ileile. Wakaniambia, dada, usitoke. Ukitoka kabla dalali hajagonga mlango, tutaandika kwamba umejitoa mwenyewe, na mtu aliyejitoa mwenyewe hatuna wajibu naye, hata godoro hatumpi. Basi nimekaa. Kila mwezi nimelipa kodi, sijakosa hata mmoja. Kila mwezi nimemwandikia mwenye nyumba kumwomba radhi, hajanijibu. Na kila ninakokwenda kuomba nyumba naulizwa, mbona una hukumu ya mahakama? Halmashauri wananiambia kaa, wenye nyumba wananiambia mbona umekaa. Niambie wewe mtu mzima, nikae au nisikae?"

"Mwenye nyumba wako nani?" Avril aliuliza, na alipokuwa bado anauliza alishaanza kujua.

"Bwana Stott. Clive Stott. Unamjua?"

Avril aliketi juu ya boksi bila kukaribishwa. Miezi saba, kupe, mlango wa kutokea hawaujui. Kwenye hadithi ile yote, na bia ile yote, Clive hakusema hata mara moja kwamba kodi ilikuwa inaingia. Hasira ilimpanda Avril kutoka kwenye magoti yake mabovu, hasira safi kabisa, na sehemu yake ilikuwa ya kujichukia mwenyewe.

"Na hilo jiko unalisugulia nini," alifoka, "na mtu anakufukuza?"

"Asije akasema," Kayleigh alijibu.

"Chukua nyumba yangu."

Yalimtoka hivyo, bila kupangwa. Demi akageuka kutoka dirishani.

"Na yule mtu aliyetangulia?" Kayleigh akauliza.

"Hakuna aliyetangulia. Nilikudanganya."

Alitegemea machozi, au matusi. Kayleigh alivua glavu moja, kisha ya pili, akazikunja pamoja. "Wewe ni wa tisa," alisema. "Wenye nyumba wanane kabla yako nao walikuwa na mtu aliyetangulia. Nimekaa najiuliza huyo bwana ni nani, ana nyumba tisa na hashibi."

Avril alicheka kabla hajajizuia, na Kayleigh naye akacheka kidogo, na kwa muda kidogo jiko lile lilikuwa jiko la watu wawili wanaoelewana. Kisha Kayleigh akaacha kucheka.

"Nikuambie jambo, Bi Thackray, usinione nina kiburi. Leo nina kitu kimoja tu mkononi. Dalali akishanitoa, halmashauri wanalazimika kunipa pa kulala. Wamenishikia chumba kwenye hoteli mji wa Doncaster, mbali na hapa. Kimoja, watu watatu, jiko la kushirikiana na wageni. Na Demi atabadili shule. Ni kibaya, lakini hawawezi kunitupa mpaka wanipatie pengine. Nikichukua nyumba yako, faili langu linafungwa. Baada ya miezi sita ukinichoka, naanza upya kabisa, barua ya kwanza mpaka dalali. Kwa hiyo hapa si wewe tu unayechagua."

Hilo halikuwahi kumpitia Avril kichwani. Siku zote alijiona yeye ndiye mwenye mlango, na wengine ni wa kubisha.

"Mimi nilikupa wadhamini wawili," Kayleigh akaendelea, macho makavu. "Wewe una nani wa kukudhamini kwangu? Maana Jumatatu ulisema njoo, Jumatano ukasema usije."

"Sina," Avril alisema. "Nina neno langu tu, na hilo nimeshaliharibu."

Ilikuwa kauli ya kwanza ya kweli aliyoitoa wiki ile, na nadhani ndiyo iliyomlegeza yule binti. Demi akaingilia: "Nyumba yako ina vyumba vingapi, bibi?"

"Viwili, na kijichumba cha kuwekea vitu. Kina dirisha. Unaona mnara wa kanisa."

"Basi hicho changu," Demi akasema, jambo likiwa limekwisha kabisa kwa upande wake. "Kian anakoroma."

Kayleigh alimpigia Bi Nasreen, afisa wa halmashauri aliyeshika faili lake, akaambiwa yuko kwenye kikao. Waliacha namba ya Avril. Jibu likaja kwa ujumbe mfupi: Bi Nasreen atampigia mwenye nyumba mwenyewe akitoka kikaoni, karibu na saa nne, na anahitaji kusikia kwa kinywa chake kwamba anaipokea familia hii. Akimkosa, atathibitisha hoteli, maana chumba cha Doncaster kuna wengine wanakingoja.

"Ni kusema ndiyo tu," Kayleigh alisema. "Wala si hotuba."

"Ndiyo nitaisema," Avril akasema. "Hata mara mbili."

Vikombe vyote vilikuwa vimeshafungwa, kwa hiyo walikunywa chai kwenye vyombo vya Kian. Avril alipewa kikombe chenye mfuniko na picha ya bata. Alikuwa anajisikia vizuri, vizuri mno, kama mtu aliyetoka kuungama. Alishaanza kupanga. Pazia la kijichumba litabadilishwa, la mama lilikuwa la kizee. Ule mti wa waridi nyuma aje amwonyeshe Demi namna ya kuupogoa. Kayleigh hakupanga chochote. Alikuwa anaitazama simu ya Avril iliyokuwa juu ya boksi, na kila baada ya dakika mbili anatazama saa ya ukutani, iliyobaki pale kwa kuwa haikuwa yake.

"Gari," Demi akasema kutoka dirishani. "Mama. Gari mbili."

Avril alichukua simu yake akaitia mfukoni mwa koti. Kayleigh alimpakata Kian aliyeamka analia, akaenda kufungua mlango mwenyewe kabla haujagongwa vizuri. Dalali wa mahakama alikuwa mtu mpole, mnene, na kamera kifuani, akaonyesha karatasi yenye mhuri bila kuombwa. Nyuma yake fundi wa vitasa na sanduku lake. Na nyuma ya fundi, akipangusa viatu vyake kwenye ukingo wa barabara kana kwamba nyumba ile ndiyo ingemchafua, Clive Stott na tai yake.

"Una dakika za kutosha, dada," dalali alimwambia Kayleigh. "Hakuna anayekukimbiza."

Wakaanza kutoa mabegi. Avril alibeba mawili, moja kila mkono, akatoka nayo mpaka kando ya barabara. Ndipo Clive akamwona.

"Avril Thackray!" alisema kwa furaha ya kweli. "Na wewe umefuata nini huku?"

Swali dogo tu. Jibu lake lilikuwa tayari, Avril alikuwa amelinywea chai. Nimekuja kuchukua wapangaji wangu, Clive. Maneno matano. Angeyasema, mambo mengine yote yangejipanga yenyewe. Lakini aliutazama uso ule uliochangamka, akaiona baa ya Nanga Jumanne ya mwezi ujao, akasikia kicheko cha ghorofa nzima kikiwa juu yake safari hii: mjane mjinga, nyumba yake moja ya kupangisha kampa kupe wa Clive. Akamkumbuka fundi wa gesi, ambaye bila Clive asingekuja. Hofu haichagui umri. Avril alikuwa na miaka sitini na saba, na pale kando ya barabara akawa mtoto anayeogopa kuchekwa.

"Nimepita tu," alisema. "Nikaona wanahangaika na mizigo."

Kayleigh alikuwa mlangoni, Kian begani, hatua nne kutoka pale.

"Una roho nzuri," Clive akasema. "Ila umejionea mwenyewe sasa. Si nilikuambia? Miezi saba!"

Avril, aliyejua kwamba miezi saba yote ililipwa, hakusema kitu. Hakuitikia kwa kichwa pia. Alikitikisa kidogo tu, kwa namna ambayo Clive angeweza kukidhania kuitikia, na Clive akadhania hivyo.

Ndipo simu ikalia.

Ililia mfukoni mwa koti lake, kwa sauti kubwa aliyoiweka kwa ajili ya masikio yake mazito. Avril akaitoa. Namba ilianza na tarakimu za halmashauri. Kidole gumba kikasimama juu ya kioo. Neno moja, si hotuba. Alijiambia atasogea hatua chache, nyuma ya gari, aseme ndiyo kimyakimya. Miguu haikusogea.

"Pokea, pokea, usinijali mimi," Clive alisema.

"Ah, ni hawa watu wa matangazo," Avril akasema, akabonyeza pembeni mpaka mlio ukakatika.

Alipoinua macho, Kayleigh alikuwa anamtazama. Hakukasirika. Alimtazama kama mtu anavyotazama basi lake likipita kituoni bila kusimama, basi la tisa, na yeye alishajua litapita. Avril alitamani ardhi ipasuke, na nasema alistahili kutamani hivyo.

Clive akaingia ndani na fundi wa vitasa, akipiga mluzi. Haukupita muda, simu ya Kayleigh ikalia. Aliipokea palepale mlangoni, kwa sauti ya kawaida.

"Ndiyo, Bi Nasreen... Hapana, hakupokea, najua... Ndiyo, yupo, namwona hapa." Akamhamishia Kian bega la pili. "Basi thibitisha Doncaster. Teksi ije Mtaa wa Alma, tuko nje."

Avril aliacha mabegi, akamwendea haraka kadiri magoti yalivyoruhusu. "Kayleigh, ngoja. Mwanangu, ngoja. Nampigia sasa hivi mwenyewe. Sijageuka! Nyumba ni yenu, nilichosema ndani ndicho hichohicho. Nilishtuka tu."

"Najua ulishtuka."

"Basi mwambie asithibitishe. Angalia, nampigia." Na kweli alipiga, akaiweka simu sikioni. Safari hii Bi Nasreen alipokea mara moja. Avril akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima ungeisikia, hata Clive huko ndani kama angetaka: "Mimi ni Avril Thackray, na ndiyo, nawapokea. Ndiyo! Wote watatu."

Bi Nasreen alimsikiliza, kisha akamwambia kwa upole kwamba amefurahi kusikia hivyo, lakini hatamlazimisha mama yeyote kuingia nyumba asiyoitaka. Aseme mpangaji mwenyewe. Avril akamnyooshea Kayleigh simu.

Kayleigh hakuichukua. Alikuwa amepiga goti moja anamfunga Demi zipu ya koti, na aliifunga mpaka juu kabisa kabla hajajibu.

"Siku moja pesa ya serikali itachelewa wiki," alisema. "Huwa inachelewa, si kosa lako wala langu. Bwana Stott atakuja kwako kunywa chai, akuambie, si nilikuambia? Nawe utashtuka tena. Na siku hiyo nitakuwa sina faili, sina chumba Doncaster, sina kitu." Akasimama. "Nimekaa miezi saba kwa mtu asiyenitaka, Bi Thackray. Hilo naliweza. Ila siwezi kukaa kwa mtu anayenionea haya mbele za watu."

"Mama," Demi akasema, "hatuendi kwenye nyumba ya bibi?"

"Hatuendi."

"Lakini mimi nilishachagua chumba."

"Najua, mama. Shika begi lako."

Demi akashika begi lake. Hakulia. Alimtazama Avril mara moja, kwa yale macho mawili ya tundu la barua, na Avril akataka kumwambia kitu, kwamba kijichumba kitamngoja, kwamba mti wa waridi uko kule, lakini kila alilolifikiria lilikuwa ahadi, na ahadi zake zilikuwa hazinunuliki tena mtaani pale. Kutoka kwenye simu iliyokuwa mkononi mwake Bi Nasreen alikuwa anaita, halo, halo, mama bado upo?

Teksi ilikuja, ikasimama nyuma ya gari la Clive. Dereva alishuka akaanza kupakia mifuko. Kayleigh aliushika mshikio wa kigari cha Kian akakigeuza kuelekea barabarani, na njia ilikuwa nyembamba, maboksi upande huu na ukuta upande huu, na katikati amesimama Avril na kofia yake ya sufu.

"Bi Thackray," Kayleigh akasema, kwa adabu ileile aliyokuja nayo Jumatatu, "naomba utupishe."

Akawapisha.